Hodi ya Nne

Kadi yangu ya kazi inasema mimi ni msimamizi wa mtandao wa udhibiti. Mtaani kwetu, Mji wa Kale, maneno hayo yameeleweka kuwa ni fundi wa mafriji. Sijatengeneza friji hata moja tangu nizaliwe, lakini nimeshaletewa manne, pamoja na blenda mbili na pasi ambayo mwenyewe aliapa kuwa ni mpya. Nilijaribu kueleza. Nilimwambia jirani mmoja kwamba kazi yangu ni kuangalia programu ya kompyuta inayozungumza na mashine za baridi, ikiziuliza hali zao, nazo zikijibu. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama mama anajua.

Ninafanya kazi Mbaraki, kwenye bohari ya baridi yenye vyumba sita vya kuwekea matunda, mboga na samaki. Kila chumba kina kipimajoto, feni, kompresa na mlango wenye kengele, na vyote vimefungwa nyaya zinazokuja mpaka mezani kwangu. Programu huviuliza kimoja kimoja kutwa kucha: baridi kiasi gani, feni yazunguka, mlango umefungwa? Kifaa kisipojibu, au kikijibu upuuzi, inatoka namba ya kosa kwa maandishi mekundu, nami natakiwa nifungue kitabu cha namba za makosa nijue kuna nini.

Kitabu hicho ni kinene kama tofali na kina faida kama ya tofali. Kosa namba hamsini na tisa: kifaa hakikujibu. Sababu: kifaa kimeshindwa kujibu. Suluhisho: hakikisha kifaa kinajibu. Niliposoma mara ya kwanza nilidhani nimeruka ukurasa. Kosa namba mia na kumi na mbili ni kosa lisilojulikana, halijulikani lakini lina namba, lina ukurasa wake, na kuna mtu alilipwa mshahara kulipiga chapa. Langu nilipendalo ni namba saba: hakuna kosa. Nalo hutoka kwa wekundu uleule. Asubuhi moja nilikaa nikalitazama mpaka chai ikapoa, lahaula, sikujua nishukuru au nipige kelele.

Meneja wetu hakuwa na shida na makosa. Shida yake ilikuwa rangi nyekundu. Alikuwa ametundika skrini kubwa pale wanapopokewa wageni, ili waone tulivyoendelea, na wageni walipoona wekundu waliuliza. "Binti," aliniita siku moja, kwa ile sauti ya upole inayonichemsha damu, "haiwezekani makosa yawe ya kijani?" Nikamwambia haiwezekani. Akasema basi nitafute njia, mimi ndiye niliyesoma.

Alikuwepo pia fundi wa kompresa, mtu wa Kaloleni, aliyefanya kazi pale tangu kabla ya programu. Zamani kila asubuhi alizunguka vyumba vyote sita na kipimajoto cha kioo mfukoni mwa shati, akifungua milango, akichungulia, akifunga. Ilipokuja programu, kila akifungua mlango linatoka kosa namba thelathini na moja, mlango uko wazi, na meneja akapiga marufuku mlango wowote kufunguliwa bila karatasi ya ruhusa. Fundi akapewa kiti karibu na geti. Mimi aliniita Bi Injinia, na alivyolitamka hilo Bi ungedhani ananitukana.

Wekundu mwingi uliletwa na namba hamsini na tisa. Chumvi ya bahari hula nyaya, na vifaa vingine vilikuwa vizito kujibu. Programu ikiuliza isijibiwe, inauliza tena, na tena, na tena, na kila mara inaandika kosa, hata skrini nzima ikawa kama imepata tetekuwanga. Nikafikiri. Nikajiuliza mtu mwenye adabu angefanyaje. Mimi nimelelewa Mji wa Kale, na tangu sijaota meno ya pili mama alinifunza kwamba ukifika mlango wa watu unapiga hodi mara tatu. Usipojibiwa ya tatu, enda zako. Huenda wamelala, huenda wana mambo yao, si haki yako kuwasumbua. Basi na mimi nikaifunza programu adabu za kwetu. Niliipanga kwamba ikikiuliza kifaa mara tatu kisijibu, iondoke kimya kimya, ishike jibu la mwisho ililopewa, na isikisumbue tena mpaka niiamuru. Wekundu ukaisha siku hiyohiyo. Meneja alininunulia biriani. Mimi, mjinga wa wajinga, nikaila kwa raha zangu na nikaongeza pilipili.

Sasa nije kwa mama. Mama hutunga asmini. Mwenyewe husema si kazi, ni kupitisha wakati, lakini mtaani kwetu bibi harusi akipambwa bila kikuba, kile kishada cha asmini, cha mkono wake watu huuliza kuna ugomvi gani. Vidole vyangu hufunga skrubu ndogo kama punje ya mtama, lakini nikishika sindano ya asmini navunja ua moja katika kila mawili. Mama huniondolea ungo bila kusema neno, na heri angesema.

Alikuwa na shoga yake wa tangu chuoni, walikokuwa wakisoma juzuu pamoja. Shoga huyo aliugua, na siku zake za mwisho alimshika mama mkono akamwomba jambo moja tu: siku ya kupambwa mwanangu, asmini iwe ya mkono wako, tena iwe nyingi. Mama akasema inshallah. Shahidi nilikuwa mimi, niliyesimama mlangoni na chupa ya uji. Shoga akafa. Miaka miwili baadaye binti yake akaposwa, ikapangwa apambwe Jumamosi, na mama akaanza kutafuta asmini kama mtu atafutaye dawa. Alinambia wazi kinachomtisha: wengine wote akiwakosea anaweza kwenda akawataka radhi, lakini huyu mmoja hayupo wa kutakwa radhi.

Na asmini siku hizi ni adimu. Nyumba za kwetu zinapandishwa ghorofa, na miti hung'olewa ipatikane nafasi ya ngazi. Kwa kuomba huku na huku mama alipata matumba ya Jumatano na ya Alhamisi asubuhi, akajaza kikapu kizima. Tatizo likawa kuyafikisha Jumamosi bado hayajafunuka. Friji la mama lina samaki tangu siku liliponunuliwa. Hata likiwa tupu linanuka papa.

Hapo ndipo mdomo wangu ukanitangulia. "Nipe mimi, mama. Nitayaweka kazini, chumba namba nne, baridi ya mboga."

"Na nani atayaangalia?"

"Mashine. Inakiuliza chumba hali yake kila dakika. Mimi naona hapa hapa kwenye simu."

"Na chumba kisipojibu?"

"Kitajibu."

"Nimekuuliza, kisipojibu?"

"Mama, mimi nimesomea."

Kisha akayafunga matumba kwa kitambaa cha bafta kilicholowa, akayafunika jani la mgomba, akanikabidhi kikapu kwa mikono miwili. "Haya. Amana hiyo," akasema. Kwetu neno hilo halisemwi ovyo, nami nililipokea kama mtu anayepokea chenji.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilikiweka kikapu chumba namba nne, kilichokuwa na makatoni machache ya nyanya tu. Chumba kilipangiwa nyuzi saba. Mchana nikatazama simu: nane, kijani, inateremka vizuri. Jioni nikatazama tena: nane. Nikampelekea mama simu barazani aone mwenyewe, akasema masha Allah, ingawa hakuwa na miwani. Ijumaa asubuhi: nane. Nane kavu, haikupanda hata robo wala kushuka hata robo. Mtu mwenye akili zake angeshtuka, maana hakuna kitu duniani kinachotulia hivyo ila maiti. Mimi nilijipongeza.

Ijumaa hiyo, wakati wa chai, fundi alinijia na mahamri yake mkononi. "Bi Injinia, namba nne haipumziki."

"Haipumziki vipi?"

"Kompresa yake. Tangu jana mchana haijanyamaza hata kidogo. Mimi pale nilipowekwa sina kazi ila kusikiliza. Mashine ya baridi hufanya kazi ikapumzika, ikafanya ikapumzika. Hii imeshikwa na nini? Niandikie karatasi nichungulie tu."

"Ukifungua mlango litatoka kosa thelathini na moja."

"Si litoke?"

"Leo mwenye bohari anakuja baada ya swala. Meneja atanila nyama. Ngoja Jumatatu." Nikamwonyesha simu. Nane, kijani. Aliitazama vile mtu anavyotazama chapati ya dukani, akamaliza hamri lake, akarudi kwenye kiti chake karibu na geti. Mwenye bohari alikuja, akasimama mbele ya skrini, akapiga picha na kijani chetu.

Jumamosi asubuhi nilijiandikia karatasi mwenyewe, nikaitia sahihi mwenyewe, nikafungua chumba namba nne. Baridi ilinipiga usoni kama kofi. Feni ilikuwa na ndevu za barafu. Nyanya nilizigonga zikalia kama kokoto. Jani la mgomba lilikuwa gumu kama bati, nikalibandua, na chini yake matumba yalikuwa meupe pepe, yanang'aa, mazuri kuliko nilivyoyaweka. Nikasema alhamdulillahi, yamepona. Nikalichukua moja kati ya vidole viwili, likavunjika kama gilasi.

Fundi alikuwa nyuma yangu. Alitoa kile kipimajoto chake cha kioo mfukoni, akakishika hewani, akanionyesha: nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Ningependa sana angenicheka.

Tulichokuta ni hiki. Waya wa kipimajoto cha chumba ulikuwa umeliwa na kutu, ukakatika Alhamisi mchana. Programu ikauliza, kimya. Ikauliza tena, kimya. Ikauliza ya tatu, kisha kwa adabu zake zote nilizoifunza ikaenda zake. Jibu la mwisho lilikuwa nane, na kompresa iliamriwa ifikishe saba. Basi ikapuliza baridi siku mbili mfululizo ikitafuta ile nyuzi moja iliyobaki. Yote yalikuwa yameandikwa kwenye orodha ndefu ambayo hakuna anayeisoma, na mimi ndiye ninayelipwa kuisoma: Alhamisi mchana, kosa hamsini na tisa, mara tatu. Na chini yake, mstari wa mwisho, kosa namba saba. Hakuna kosa.

Nikapanda tuktuk na kikapu mapajani. Kufika Marikiti barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka, maji ya kahawia yakinitiririkia kwenye buibui, na dereva akaniuliza, kwa heshima, kama samaki wangu hawajaharibika. Kufika nyumbani asmini zote zilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Mama alikuwa ameshatandika jamvi. Ungo uko tayari, sindano iko tayari, majani ya rehani yameshachambuliwa. Akafunua kitambaa. "Yarabi," akasema, akakaa chini.

"Imekuwaje?"

"Mama, ni kosa hamsini na tisa, yaani kifaa..."

"Sema na mimi maneno ya watu."

Nikamweleza. Chumba kiliulizwa mara tatu, hakikujibu, mashine ikanyamaza ikaenda zake.

"Nani alofunza mashine upuuzi huo?"

"Mimi."

"Na wewe nani alokufunza?"

Nilikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa limekaa jamvini mbele yangu. Akalielewa. Akanitazama hata nikatamani jani lile la mgomba nijifunike mimi.

"Hodi ni ya mgeni, mwanangu. Mgeni ndiye apigaye tatu akenda zake. Wewe ulikuwa mgeni pale? Si ulipewa amana? Mlinzi naye hupiga hodi?"

Swali hilo nililipeleka kazini Jumatatu. Niliuondoa ule mpango wangu wa adabu, skrini ikaiva nyekundu mbele ya wageni, na meneja alipokuja juu nikamwambia fundi apewe funguo za vyumba vyote, la sivyo atafute mtu mwingine wa kukaa mezani kwangu. Fundi alipewa funguo. Biriani sikununuliwa tena. Lakini Jumamosi ile hakuna aliyekuwa na haja na Jumatatu yangu, kwani ilikuwa saa nne asubuhi na asmini ilitakiwa nyumbani kwa bibi harusi laasiri.

Mama akavaa buibui, akaniwekea ungo mikononi. "Twende."

Tukaanza mlango kwa mlango. Nyumba ya kwanza tulipewa konzi moja ya asmini, ya pili nusu konzi na maneno mengi. Ya tatu hapakuwa na jibu. Mama akapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, nami nikageuka kuondoka kama nilivyolelewa. Nyuma yangu nikasikia hodi ya nne. "Mama!" nikamnong'oneza, uso umenishuka. "Nyamaza," akasema, akapiga ya tano. Dirisha la juu likafunguka, akatokea mwanamke nusu ya kichwa imesukwa nusu imesimama, akasema kwani kuna moto? Mama akamwomba radhi, akamwomba asmini, akapewa. Mama huyu huyu aliwahi kunichapa kwa kupiga hodi ya nne nilipokuwa na miaka saba. Jumamosi ile yeye alipiga mpaka paka wa barazani wakahama.

Adhuhuri ilipoadhiniwa tulikuwa na asmini ya kutosha kikuba kimoja kidogo, kile wanachotiwa watoto. Mama aliutazama ungo. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa ncha ya buibui kama aliyeingiwa na vumbi. "Nilimwambia itakuwa nyingi," akasema.

Ndipo nikaikumbuka nyumba ya marehemu. Baada ya kufiwa, mumewe na binti walihamia upande wa Makupa, nyumba wakaipangisha. Uani kulikuwa na mti wa asmini alioupanda marehemu mwenyewe, na mama ndiye aliyempa kijiti cha kupanda. "Na kule?" nikauliza.

Mama akasimama pale pale katikati ya njia. "Ule mti ulikufa."

"Nani alosema?"

"Nilikwenda. Baada ya arubaini. Nikapiga hodi mara tatu, hakuna alojibu, nikenda zangu. Nani wa kuutilia maji?"

"Na tangu hapo?"

Miaka miwili, na nyumba iko vichochoro vitatu kutoka kwetu. Nikamtazama. Akaniona namtazama.

"Usiseme kitu," akaniambia.

Mtu aliyebeba ungo kama wangu hana mdomo.

Tukafika. Mlango ni uleule, rangi mpya. Mama akapiga hodi. Kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu. Mkono wake ukabaki juu, haupigi wala haushuki, na mimi, mtaalamu mzima wa vifaa visivyojibu, sikuwa na namba ya kumpa. Akapiga ya nne. Akapiga ya tano, ya sita, kwa kiganja kizima, akisema hodi jamani, hodi, hodi, hata sauti ikampasuka.

Mlango ukafunguliwa na mwanamke kijana, mikono ina povu. "Niwieni radhi, nilikuwa uani nafua. Kule nyuma hodi haisikiki mpaka mtu apige sana."

Nikasema mimi. Tunatafuta asmini, kama ule mti bado upo.

"Ule?" akacheka. "Chukueni wote! Kila siku nafagia mpaka mgongo waniuma."

Mti ulikuwa umepanda ukuta, umevuka ukuta, umeshika paa. Matumba yalikuwa mengi hata majani hayaonekani, na chini sakafu nyeupe kwa yaliyoanguka tangu ilipofagiwa, kama yalivyoanguka kila siku miaka miwili yote. Mama akaweka kiganja kwenye shina.

"Nilipiga tatu tu, shoga yangu," akasema. "Niwie radhi."

Nikaweka ungo chini ya tawi, nikaanza kuchuma polepole, nisivunje hata moja.